Siku Saba Nikimfuata Ndege wa Budongo

Siku ya kwanza, Jumamosi: Shinyalu hadi Kampala

Nimetoka nyumbani jogoo la pili. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha, akanisindikiza hadi barabarani, na tulipokuwa tukingoja matatu akaniuliza tena kama ni kweli navuka mpaka kwa ajili ya kandege. Nikamwambia ni kweli, mama, ni kwa ajili yake tu.

Ndege mwenyewe ni mdogo, mfupi kuliko kidole cha kati cha mtu mzima ukikiongezea pingili mbili. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo ni jeupe lililofifia, na anaishi juu katikati ya majani. Kwetu pembeni mwa msitu wa Kakamega nimemsikia tangu utotoni. Jina lake la kisayansi ni Phylloscopus budongoensis. Neno la kwanza linatokana na Kigiriki na maana yake ni mtazama majani, nalo la pili linataja Budongo, msitu wa Bunyoro nchini Uganda alikopatikana ndege ambaye Mwingereza Seth-Smith alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1907. Makao yake yanaanzia Kamerun, yanapita Gaboni, Kongo na Uganda, yanaishia kwetu magharibi mwa Kenya. Nimeishi miaka yote kwenye pindo la kanga bila kuona mji wake.

Ila kilichonitoa nyumbani hasa ni madaftari yangu. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika kila ndege huyu niliyemwona: tarehe, saa, mti. Mwaka jana alikuja mgeni mjuzi wa ndege, akafungua daftari la tatu, akaniuliza kwa upole: hawa wa Desemba pembeni mwa mashamba ya chai, una hakika ni budongoensis? Sikuwa nao hakika. Kuna mwenzake anayefanana naye sana, anayekuja kutoka Ulaya na Urusi na kukaa nasi tangu Septemba au Oktoba hadi Machi au Aprili. Tangu siku ile nashindwa kuziamini kurasa zangu za miezi hiyo.

Busia nimevuka kwa kitambulisho cha taifa bila usumbufu. Jinja tumepita juu ya Nile kwenye daraja lile la nyaya. Namawojjolo tukaletewa kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, madirishani, na kabla ya hapo basi lilikuwa limekata katikati ya Mabira, miti pande zote mbili. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kuzuia sehemu ya msitu huo, hekta zaidi ya 7,000, isigeuzwe mashamba ya miwa. Nimewashukuru kimoyomoyo nikiwa dirishani.

Siku ya pili, Jumapili: Kampala hadi Masindi

Safari ya barabara tu. Basi lilipangiwa saa moja asubuhi, likaondoka saa nne, na konda hakutuambia neno. Migyera tumekula nyama ya mbuzi. Karibu na mto Kafu tumeiacha barabara ya Gulu, na kutoka hapo joto likatulia kidogo. Masindi nimelala chumba cha nyumba ya wageni chenye neti iliyotoboka, nikaifunga matundu kwa fundo.

Siku ya tatu, Jumatatu: Nyabyeya

Anayetaka kusikia Kiswahili cha kila siku nchini Uganda aje huku. Watu walitoka Kongo, Arua na Nebbi kufanya kazi ya kupasua mbao za Budongo, wengine wakafuata miwa ya Kinyara. Mualuri, Mlugbara na Mnyoro wakihitaji kuuziana mahindi wanakutana kwenye Kiswahili. Si cha vitabuni. Kinakwenda mbio, kinaacha vitu njiani, na kinaeleweka vizuri kabisa.

Anayenitembeza ni mzee wa umri wa babu zangu. Ujana wake aliumalizia humu, akiwabebea mabwana misitu minyororo ya kupimia. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia kwa furaha kama mtu aliyerudishiwa kitu chake, maana vijana wa hapa, anasema, hawaijui tena. Nikamweleza shida yangu ya madaftari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

“Sasa wewe natafuta mwenye nyumba ama natafuta mgeni?”

Nikasema wote wawili.

“Basi tuanze na mgeni. Yeye iko karibu.”

Alikuwa karibu kweli. Tulikaa kwenye benchi uani kwake chini ya mparachichi, mke wake akatuletea chai, na kabla haijapoa kikasikika kilio laini cha silabi mbili, hu-it, ya pili ikipanda. Akatokea kwenye matawi ya nje, mahali penye jua, nikamwelekezea darubini.

Huyu ni Phylloscopus trochilus, ambaye Wazungu humwita kwa jina la mti wa mwerebi. Nimemwangalia kwa muda wa kunywa vikombe viwili. Mgongo ni kijani kilichoingia ukahawia. Kifuani ana umanjano hafifu, na unyusi wake vilevile ni wa manjano iliyopauka, wenye kingo zisizokatika vizuri. Miguu ina rangi ya chai ya maziwa. Mabawa ni marefu: akiyakunja, ncha zake zinavuka mbali juu ya mkia. Manyoya yalikuwa mapya, safi, utadhani ametoka nayo dukani jana, na sababu ipo. Ndege wengi wa namna yake hubadili manyoya yote mara moja kwa mwaka. Yeye hubadili yote mara mbili, mara moja huko kwao baada ya kulea, mara nyingine huku Afrika kabla ya kurudi. Umanjano ule niliokuwa nauona ni nguo aliyoivaa kwetu.

Uzito wake ni gramu kumi hivi, vijiko viwili vya chai vya sukari. Watafiti waliwafunga madume watatu vifaa vidogo vya kurekodi mwanga mashariki ya mbali kabisa mwa Urusi, wakachapisha matokeo mwaka 2018: ndege hao walisafiri kilomita 13,000 hivi kwenda upande mmoja kuja kukaa Afrika. Nilipomweleza Mzee habari hiyo aliweka kikombe chini. Akamtazama yule ndege kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, “Na mimi Hoima nilichoka.”

Kisha ndege akaimba. Wakikaribia kuondoka huanza kuimba hukuhuku. Ni filimbi tamu inayoanza juu na kuteremka hatua kwa hatua, inapungua nguvu, inakwisha kama maji ya mwisho kwenye kata. Kakamega nimeusikia wimbo huo kila Februari na nikauandika kuwa “wimbo wa pili” wa budongoensis. Nimeandika hivyo mara tano. Ndege mmoja hakuwa na nyimbo mbili. Walikuwa ndege wawili.

Usiku nimemkumbuka mchungaji wa Selborne, Uingereza, aitwaye Gilbert White. Mwaka 1768 alimwandikia rafiki yake kwamba wale ndege wadogo wa kijani waliokuwa wakichukuliwa kuwa aina moja ni aina tatu, na alianzia kwenye sauti. Yeye pia alikuwa anatembea kwenye mashamba ya nyumbani kwao tu, akisikiliza.

Siku ya nne, Jumanne: njia ya Royal Mile

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeshalipa ada na kuingia. Royal Mile ni njia pana, imenyooka, miti imeisimamia pande zote mbili kama watu wanaongoja msafara. Watu wa hapa wanasema Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro wa zamani, aliipenda. Miti mikubwa ni muhimbi na munyama, yaani mkangazi. Muhimbi ni mti mgumu mno, shina lake limepanuka chini kwa mabawa ya mizizi yanayomfunika mtu. Mzee alipapasa mmoja, akanieleza kwamba zamani za Waingereza, miaka ya 1950 na 60, mihimbi mingi iliuawa kwa sumu ili munyama upate nafasi, kwa kuwa soko lilitaka mbao za munyama. Huu ulisalimika. Akaupigapiga kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

Saa mbili nzima hatukumwona tuliyemtaka. Mdiria mdogo alipita mbele yetu kama cheche. Kwenye kichaka kulikuwa na sauti ya mwanambuzi anayemlilia mama, na Mzee akaniambia nisihangaike, ni ndege yule wa mgongo wa kijivu. Kisha juu ya vichwa vyetu zikapigwa filimbi mbili za nguvu, tyu-tyu, nikainua darubini kwa haraka: kijani, ana unyusi, mdogo. Moyo ukanidunda. Lakini alikuwa mnene, shingo fupi, tumbo la kijani chafu. Huyo ni Hylia prasina. Mtu anayetegemea neno “kijani” peke yake kwenye msitu huu atapotea hadi usiku.

Saa 2:20 nikamsikia.

Sijui niseme vipi. Ilikuwa sauti ya nyumbani. Si-su-sii-su-sii, nyembamba kama sindano, kasi, juu sana kiasi kwamba wazee wengine hawaipati tena, inakatika ghafla na kurudiwa vilevile. Nilijikuta nimemshika Mzee mkono. Kilomita mia kadhaa kutoka kwetu, kwenye msitu uliompa jina, na wimbo wake ni uleule anaoniimbia nikienda kuchota maji.

Walikuwa wawili, dume na jike, kama mita kumi na tano juu, kwenye matawi ya kati ya mti mchanga, ndani ya kivuli. Mara ya kwanza nilipowapata kwenye darubini niliona tumbo la manjano. Nikashtuka. Nikamwambia Mzee, ni mgeni tena. Akatikisa kichwa: “Ngoja atoke kwa majani.”

Nikangoja. Yule wa kushoto akaruka hadi kwenye kijiti kilichokuwa wazi, anga nyeupe nyuma yake, na manjano yote yakatoweka. Tumbo lilikuwa jeupe lenye ukijivu. Ile rangi haikuwa yake hata kidogo. Ni mwanga uliochujwa na majani, unapaka kijani na manjano kila kitu cheupe kilicho chini yake, hata mikono yetu, hata shati la Mzee. Hapo ndipo madaftari yangu yaliharibikia. Miaka minne nimekuwa nikiandika rangi za majani nikidhani ni rangi za ndege.

Kinachomtambulisha ni uso. Unyusi ni mweupe, mrefu, umekatwa safi, na chini yake kuna mstari mweusi unaopita kwenye jicho kutoka mdomoni hadi nyuma, kama wanja uliopakwa na mkono usiotetemeka. Yule mgeni uso wake umelainika, huyu wake umechorwa. Mabawa ni mafupi, yameishia karibu na mwanzo wa mkia, maana hana bara la kuvuka. Kwenye kingo za manyoya ya bawa kuna kijani kilichochangamka kuliko mgongo. Kifuani hakuna manjano.

Nimechora uso huo kwenye ukurasa mzima. Mchoro wa pili ndio uliokubali.

Siku ya tano, Jumatano: msituni tena

Leo sikutafuta rangi kabisa. Nilikaa kwenye mzizi wa muhimbi, mgongo umeegemea, nikaangalia anavyoishi.

Hatulii. Anaruka tawi hadi tawi kwa hatua fupi, anainamisha kichwa na kuchungulia upande wa chini wa jani, kwa sababu viwavi na wadudu wadogo hujificha huko. Hufuata tawi kutoka ndani kwenda nje, akifika ncha anahamia tawi la jirani. Mara mbili nilimwona akiacha kijiti na kujining'iniza hewani kwa nukta moja, mabawa yakipiga, akachomoa kitu chini ya jani na kurudi. Aliposhika kiwavi kilichomzidi, alikipiga kwenye kijiti kulia na kushoto, mara nane nilihesabu, hadi kikalegea. Mwenziwe hakuwahi kuwa mbali kuliko upana wa chumba. Mmoja akihama, mwingine anasema kitu kidogo na kumfuata. Kwa saa tatu hawakushuka chini hata mara moja, wala hawakupanda kwenye kilele.

Mnamo saa tatu na nusu lilipita kundi mchanganyiko, ndege wa aina saba au nane wakisafiri pamoja, kila mmoja na ghorofa yake ya kulia chakula. Wale wawili wakajiunga nalo. Nikalifuata kwa darubini, na juu kabisa, kwenye shada la munyama linalopigwa na jua, nikamwona wa tatu wa ukoo huo: koo la manjano ya kweli, manjano ambayo hakuna mwanga wa majani ungeweza kuidanganya, tumbo jeupe kama pamba, mabawa marefu. Phylloscopus sibilatrix, mgeni mwingine kutoka Ulaya, anayependa misitu ya ndani. Mmoja wa wale watatu wa mchungaji White. Asubuhi moja, mti mmoja, mwenyeji katikati na mgeni darini.

Ukoo huu una wenyeji wengine wawili Uganda: mwenye uso mwekundu wa milima ya magharibi kama Bwindi, na yule wa kahawia wa Elgon na Rwenzori. Hao wanataka baridi ya juu. Budongo iko chini yao, kwenye mita 1,100 hivi, kwa hiyo hawakunitia wasiwasi.

Wakati wa kurudi Mzee alisimama ghafla akanizuia kwa fimbo. Waya wa breki ya baiskeli, umepindwa kitanzi, umefungwa kwenye kijiti kilichokunjwa. Ni mtego wa paa. Lakini haujui paa ni nani, na baadhi ya sokwe wa Sonso, kundi la humu Budongo linalofuatiliwa na watafiti tangu 1990, wamekatika vidole na viganja kwa waya kama huu. Mzee aliufungua taratibu, akauviringa, akautia mfukoni. Hakumlaani aliyeutega. Alisema anamjua, ana watoto sita na hana shamba, na jioni ataenda kuzungumza naye. Nimelifikiria hilo njia nzima. Mimi ningeondoka na hasira tu.

Mvua ya kwanza ya Machi inanukia, lakini haijanyesha.

Siku ya sita, Alhamisi: kurudi

Nimeaga. Mke wa Mzee alinipa karanga za kukaanga, nami nikamwachia Mzee ile darubini yangu ya akiba, yenye lenzi moja iliyokwaruzika. Alielekeza kwenye mparachichi, akauliza, “Jicho gani nafunga?” Hakuna cha kufunga, nikamwambia, Mzee, tazama kwa yote mawili.

Kutoka Masindi hadi Kampala nimelala. Basi la usiku la Busia nimelipata kwa taabu.

Siku ya saba, Ijumaa: Shinyalu

Nimefika nyumbani alfajiri, nikaoga, nikakataa kulala. Nimetandaza madaftari manne kwenye meza ya jikoni, kalamu nyekundu mkononi.

Kurasa za Aprili mwishoni hadi Agosti nimeziacha, maana miezi hiyo wageni wako kwao kulea. Za Septemba hadi Aprili katikati zina rekodi 43. Nimezipitia moja baada ya nyingine nikijiuliza: niliandika sauti? Niliandika uso? Alikuwa ndani ya msitu ama pembeni, kwenye jua? Rekodi 17 zina wimbo ule wa sindano, hizo zimesimama. Tano zina “wimbo wa pili”, hizo nimezihamisha kwa mwenyewe, trochilus, na tarehe zake, na nimefurahi kuona kwamba sasa nina kumbukumbu za mgeni ambazo sikujua ninazo. Zilizobaki 21 zinasema “kijani, tumbo la manjano” na hakuna zaidi. Nimeziwekea alama ya kuuliza. Imeniuma hasa moja ya Januari ya mwaka wa kwanza, ambayo niliiandika kwa wino wa buluu na kuipigia mstari kwa furaha. Nayo nimeiwekea.

Saa kumi na moja jioni mama ameleta kiti chake nje, akaniuliza kama nilimpata. Nikamwonyesha mchoro. Alikuwa bado ameushika wakati kwenye mpera wetu pale kando ya choo iliposikika hu-it, ya pili ikipanda.

“Ndiye huyo?”

“Hapana, mama. Huyo ni mgeni. Karibu ataondoka, anakwenda mbali sana.”

Mama akamtafuta kwenye matawi kwa macho, akampata kabla yangu. Akawaita watoto waliokuwa wakirusha mawe kwenye mapera, akawaambia waende wakacheze upande ule mwingine, kuna mtu anakula hapa, ana safari.